Jenerali wa Wetherill Park

Katika ghala la vyakula la Wetherill Park, huko Australia, Déo aliendesha foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, lakini wenzake walimwita Jenerali. Kila saa ya chakula, akishamaliza wali wake, alianza kupigana upya vita vya Wajerumani, vile vya pili vilivyowasha dunia nzima. Alikuwa amevitazama kwenye Yutubu mpaka akavijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao: vifaru vilikwama wapi kwenye matope, jenerali yupi alikatazwa kurudi nyuma, mafuta yaliwaishia wapi. Na hukumu yake ilikuwa ileile siku zote. Jeshi lile lingeweza kushinda, ila liliponzwa na kiongozi mkaidi aliyejiona anajua vita kuliko wanajeshi wake.

"Ningekuwa mimi," alikuwa akisema, na watu wakasogeza viti.

Juu ya foklifti kila mtu alimwamrisha: peleka huku, rudisha kule, harakisha. Pale mezani amri zilitoka kwake. Raha hiyo hakuwahi kujiuliza inatoka wapi.

Jumapili moja alialika watu nyumbani kwake Minto, kwa kuwa binti yake Ketsia alikuwa anatimiza miaka kumi na saba. Mkewe, Kasoki, alipika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Déo akasimamia nyama uani. Alikuja Ponsian, Mtanzania aliyefanya naye kazi ghalani, na alikuja Mama Halina, jirani yao, Mzungu aliyepita miaka sabini. Wazazi wa Halina walitoka Poland baada ya vita. Déo alilijua hilo, ila hakuwahi kuuliza walipitia wapi. Alichokijua zaidi ni kwamba familia yake ilipofika Australia ikikimbia vita vya kwao, haina mtu, mama huyu ndiye aliyemfundisha Kasoki kuendesha gari. Kwa heshima yake, siku hiyo mezani walizungumza Kiingereza.

Ponsian, tumbo limeshajaa, akamchokoza. "Haya, Jenerali. Wajerumani walikosea wapi?"

Déo hakuhitaji kubembelezwa. Akaeleza ya mafuta, akaeleza ya baridi ya Urusi, akafika kwenye mambo ya nyumbani kwao Wajerumani. "Kiongozi wao aliwaogopa raia wake," alisema. "Aliogopa wakilala njaa watamgeuka. Wanawake wao akawaacha majumbani badala ya kuwapeleka viwandani. Ningekuwa mimi, ningekamata watu kwa nguvu, watengeneze makombora mchana na usiku."

Halina aliweka uma wake chini.

"Waliwakamata, Déo," alisema. "Kwa mamilioni, kutoka nchi walizoziteka. Mama yangu alikuwa mmoja wao."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini Déo alikuwa amezoea kubishana na kushinda, na ulimi ukamtangulia.

"Basi hawakutosha," akasema.

Hakuna aliyecheka. Ponsian alitazama sahani yake. Halina alikunja kitambaa cha karatasi, akamshukuru Kasoki kwa chakula, akamtakia Ketsia heri, akaenda zake. Déo alibaki na koleo la nyama mkononi. Alitamani yale maneno mawili yarudi mdomoni, ayameze.

Wageni walipoondoka, Kasoki alimkabili jikoni. Hakupandisha sauti.

"Baba Ketsia, weye njo wa kusema watu wakamatwe kwa nguvu? Weye mwenye walikubebesha masanduku ya masasi, toka Uvira mpaka kule milimani?"

"Kasoki, nyamaza."

"Sinyamazi. Ule mama alitupokea."

Ketsia alikuwa amesimama mlangoni na vyombo mikononi. Kiswahili alikielewa chote, ingawa alizoea kujibu kwa Kiingereza. "Papa?" alisema. "What did you carry?" Alitaka kujua baba yake alibeba nini.

Déo alipita kando yake bila kumtazama, akaenda gereji, akajifanya anatafuta bisibisi. Miaka yote alikuwa amemwambia binti yake kwamba wakati wa vita alijificha tu. Aliona ni afadhali mtoto ajue baba yake alikimbia kuliko ajue alisukumwa kwa kitako cha bunduki kama punda.

Wiki ile alimkwepa Halina. Akisikia mlango wake unafunguka, alirudi ndani. Ghalani Ponsian hakumwita Jenerali, na hilo nalo lilimuuma, kwa sababu lilikuwa huruma. Jumamosi akaona hawezi tena. Akaenda kugonga.

Halina alifungua, asimkaribishe.

"Nimekuja kuomba msamaha," Déo alisema.

"Wa nini?"

Alidhani angesamehewa bila kulitaja. "Nilisema mama yako na wenzake hawakutosha."

Halina aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetaka kuhakikisha amesikia sawa Jumapili ile.

"Alikuwa na miaka kumi na sita," alisema. "Alishonewa herufi P kifuani ili kila mtu ajue ni Mpoland. Alijaza baruti kwenye makombora mpaka ngozi ya mikono ikawa ya manjano. Ndege zikija kupiga mabomu, Wajerumani walikimbilia handakini. Yeye na wenzake waliachwa nje." Kisha akaongeza, "Wewe unapenda sababu za kushindwa. Mama alisema yeye na wenzake walikuwa wakipunja baruti walipopata nafasi. Sijui kama ni kweli. Pengine alisema hivyo ili aweze kuishi na kazi ile."

Déo alitazama miguu yake. Kasoki alijua nusu tu ya neno lililofuata; nusu ya pili hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Mimi nilibeba masanduku ya risasi. Wapiganaji walinikamata nina miaka kumi na tisa. Tulivuka mito, ningeweza kuangusha hata moja, nikasema nimeteleza. Sikuangusha. Niliyafikisha yote. Sijui walikwenda kumpiga nani."

Halina hakumwambia si kosa lako. Hakumshika mkono. Alisimama naye pale mlangoni kwa muda, kisha akasema ana dawa za kunywa, akafunga mlango polepole.

Baada ya hapo walisalimiana. Halina alirudi kunywa chai na Kasoki, ingawa Déo akiingia mazungumzo yalipungua, naye alijifunza kutoharakisha jambo hilo. Kwenye simu yake video zile ziliendelea kujileta zenyewe, na mara nyingine aliifungua moja, akaona vifaru vinakwenda, akajikuta anatafuta pembeni ya picha wale waliokuwa wanabeba. Hawakuonyeshwa.

Jioni moja Ketsia alikaa karibu naye mezani. "Papa," alisema, na safari hii akajitahidi kwa Kiswahili, "masanduku ilikuwa mazito?"

"Mazito sana," Déo akajibu. Akaanza kumsimulia, macho yake yakiwa kwenye sahani.