Kitendawili cha Adhuhuri

Utotoni mwangu, kule Sericho, nyika ya Isiolo, kitendawili kilikuwa na saa zake. Kilitegwa jioni, mifugo ikishakamuliwa, watoto tumeketi juu ya ngozi na Akko, nyanya yetu mzaa baba, yuko katikati yetu na tasbihi mkononi. Mchana ilikuwa mwiko. Akko alituambia kwamba mtoto anayetega kitendawili jua likiwa juu anamwitia mama yake kifo. Hakusema kwa kututisha. Alisema kama alivyotuambia tusiguse moto, nasi tukamwamini hivyo hivyo. Siku hizi nadhani wazee walitaka tu watoto wachunge mbuzi badala ya kukaa kivulini wakitegana vitendawili huku fisi wakijilia. Lakini hayo ni mawazo ya mtu mzima.

Miaka ya sabini ilikuwa ikielekea ukingoni shule yetu ilipoletewa mwalimu kijana kutoka Meru, Mwalimu Mutwiri. Alitukuta mabingwa wa kukariri. Akiuliza swali tulijibu kwa sauti moja, tena kwa nguvu, hata kama hatukujua tunasema nini. Jambo hilo lilimkera, akaanza kutupa mafumbo. Mbuzi wa mzee fulani wamekufa, alisema, na watu wanadai kuna jirani aliyewatazama kwa jicho baya. Lakini jirani huyo aliwatazama mbuzi wote, na waliokufa ni wachache tu. Hao waliokufa walipatwa na nini ambacho wenzao hawakupatwa nacho? Kwetu jicho baya lilikuwa jibu tosha, na mtu akishapata jibu anauliza tena ya nini?

Asubuhi moja akataka kila mtoto atege kitendawili cha kwao. Tukatazamana, maana jua lilikuwa limeshatoka. Mimi nilikuwa na kiherehere cha kuzaliwa nacho, nikasimama.

"Mama mmoja ananyonyesha kijiji kizima, na hatembei."

Wenzangu walikisia wakashindwa, wakanipa mji. Nikachukua Garbatulla nzima, ndipo nikawaambia ni kisima. Mwalimu alicheka kwa furaha. Basi hofu ikatutoka, tukategana mpaka kengele ikalia, kila mtoto na chake. Nilirudi nyumbani najiona malkia.

Wakati huo mama yangu alikuwa na mimba kubwa. Juma hilo hilo akashikwa na uchungu, na damu ikaanza kumtoka kabla ya wakati wake. Kwa bahati lori la mifugo lililokuwa likienda Garbatulla, kwenye hospitali, lilikuwa limesimama karibu na duka. Baba alikimbia akamsihi dereva angoje, na dereva, Mungu ambariki, akakubali. Akaanza hata kutandika magunia nyuma.

Akko ndiye aliyekuwa mkunga. Alisimama mlangoni akakataa. Uzazi ulioanza nyumbani, alisema, humalizikia nyumbani. Mwanamke akipakiwa garini na uchungu wake, mtoto atafia njiani. Nusu ya watoto wa Sericho walipokelewa na mikono yake, mimi nikiwa mmoja wao, na baba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Dereva alingoja, akatazama jua, akaondoka. Mimi nilikuwa nje na ndoo ya maji, nikaliona lori likiondoka.

Mama alifariki kesho yake asubuhi, mtoto akiwa bado tumboni. Tuliwazika pamoja kabla ya jua kuzama.

Matanga yalipokuwa yakiendelea, shangazi Adhi, dada ya baba, akasikia kutoka kwa watoto habari za vitendawili vya darasani. Aliniweka mbele ya wanawake waliokuja kutuhani. "Huyu alitega kitendawili mchana," akawaambia. "Alikanywa, na akatega." Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Walinitazama tu, wengine wakavuta watoto wao karibu. Baba akasema sitarudi shuleni, na mwalimu naye ahamishwe. Nikaacha kula. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na nilijua kwa hakika kwamba nimemuua mama yangu kwa kutaka kuchekesha darasa. Hakuna uchungu niliouona tangu hapo unaofikia ule, na nimeona mwingi.

Akko alikuwa hajatamka neno tangu mazishi. Alikaa pembeni, chai yake inapoa, anaondolewa kikombe na kuletewa kingine. Kisha siku moja, wanawake wametoka kuswali adhuhuri na nyumba imejaa, akaniita nikae mbele yake.

"Talaso, kitendawili."

Shangazi Adhi alisema, "Mama, jua liko juu." Akko alinitazama mimi, akangoja, mpaka nikasema kwa sauti ya chini kwamba atege.

Aliniuliza siku ile shuleni walitega akina nani. Nikasema darasa zima, Rukia, Tume, wote. Akauliza mama zao wako wapi. Niligeuka. Mama Rukia alikuwa ameketi karibu na mlango, kikombe mkononi. Mama Tume alikuwa nyuma yake. Walikuwa hai, wazima, na wote wawili walitazama chini.

"Basi si kitendawili," Akko akasema. "Sasa tega sikio. Mama yako alipatwa na nini ambacho hao hawakupatwa nacho? Lori lilisimama pale, naye alikuwa bado anaongea. Nani alisema asipande?"

Nilijua jibu. Kila mtu mle ndani alilijua, tangu siku ya kwanza. Nililia, nikamwambia achukue mji, achukue Isiolo yote.

"Sitaki mji. Nataka jibu."

"Ni wewe, Akko."

"Umepata," alisema, akageukia chai yake.

Nilirudi shuleni baada ya matanga. Shangazi hakulitaja tena jambo lile. Akko hakuzalisha tena. Wanawake walipokuja kumwita aliwaambia waende barabarani wakatafute gari. Baadhi yao walipata gari. Wengine hawakupata, na kuna waliokufa wakisema yule bibi kizee ametutupa.

Nami nimekuwa mwalimu, na ninawapa watoto mafumbo, mchana kweupe. Wazazi hufurahi, husema yananoa akili. Ni kweli, yananoa. Ila huwa siwaambii kwamba fumbo likifumbuliwa sawasawa, mara nyingine jibu ni mtu unayelala kando yake usiku. Niliendelea kulala ngozi moja na Akko kwa miaka mingi. Angeweza kunyamaza. Lawama ilikuwa imeshapata pa kukaa, kwa mtoto asiye na mtetezi, na hakuna ambaye angemuuliza yeye neno. Hakunyamaza, nami nilimpenda kwa hilo. Kwa lile lori sikumsamehe, wala yeye hakuniomba nimsamehe, mpaka tulipomzika kando ya mama.