Chumba cha Sita

Karatasi ya makadirio ya kodi ya majengo aliileta sheha wa mtaa mwenyewe, asubuhi moja ya likizo, nikiwa nimekaa barazani nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Akaniamkia, akaulizia hali ya mama, akaniachia akaenda zake. Karatasi ilisema nyumba yetu ya Konde inapangishwa, na kwamba ina vyumba sita.

Nyumba ile haijapata kupangishwa hata siku moja. Tangu baba afariki tulikuwa tukikaa wawili tu, mimi na mama. Na vyumba vilikuwa vitano. Nilivihesabu upya, mlango kwa mlango, huku nikijicheka, mtu mzima wa miaka arobaini na moja niliyekulia humo humo.

Nikaingia jikoni kumwambia mama. Alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo.

"Wamesema vingapi?" akaniuliza.

"Sita. Wamekosea. Nitakata rufaa."

"Lipa tu, mwanangu."

Nikamtazama. Mama yangu ni mtu aliyekuwa radhi kurudi sokoni na jua la saa saba kwa sababu fungu la nyanya limepungua moja.

"Nilipie chumba ambacho hakipo?"

Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya dagaa.

Niliandika barua ya rufaa, nikaipeleka ofisi ya kodi, mjini Wete. Karani akaipiga muhuri, akaniambia nisubiri, mthamini atakuja kupima nyumba. Siku zile za kusubiri mama hakuwa sawa. Chakula alikuwa akikigusagusa tu. Nikimwita akiwa chumbani kwake, haitiki mpaka nimwite mara ya tatu. Siku ya Ijumaa, baada ya alasiri, nilimkuta amekaa chini anasoma Yasini, uso kauelekeza kwenye ukuta wa nyuma ya kabati. Hilo halikuwa geni, Ijumaa zote alikuwa akisoma hapo. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anautazama ukuta, akaniambia anawasomea waliotangulia. Lakini safari hii alipomaliza hakuinuka. Aliuegemeza mkono ukutani, akakaa hivyo hivyo hadi magharibi.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau. Nilikuwa na miaka sita au saba, nacheza mpira nyuma ya nyumba, naupiga ukutani unanirudia. Baba akatoka akanichapa kofi. Hakunichapa kabla ya siku ile, wala baada yake.

Mthamini alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa baibui na raba, mkononi ana tepu ya kupimia. Alimwamkia mama kwa adabu, akamwomba radhi kwa usumbufu, tukaanza kazi. Mimi nilishika ncha moja ya tepu, yeye akashika nyingine, tukapima chumba baada ya chumba. Ndani tulipomaliza, tukatoka nje. Kule nyuma alipima mara moja, akatazama maandishi yake, akapima tena.

"Mwalimu," akasema, "nyumba yako nje ni ndefu kuliko ndani. Kuna futi tisa sizioni."

Kisha akanyoosha kidole juu. Pale ukutani pana kibao cha zege kilichochomoza, kama vile vilivyo juu ya madirisha yote ya nyumba ile kukinga mvua. Chini yake hapana dirisha, pana plasta tupu. Maisha yangu yote nimekiona kibao kile, na siku zote nilidhani mwashi alikosea hesabu.

"Wenzangu waliopita mwanzo walihesabu kwa nje," akasema. "Wameona hiki."

Tukarudi ndani, hadi chumbani kwa mama. Alikuwa amekaa kitandani, mtandio kaukunja mapajani. Mthamini akasogea kando ya kabati, akainua mkono augonge ukuta asikie.

"Usigonge," mama akasema.

Mthamini akaushusha mkono. "Samahani, bi mkubwa. Nyuma ya hapa pana nini?"

"Pana mwanangu."

Mama akamwona mgeni alivyobadilika uso, akamwambia, "Usiogope. Kazikwa makaburini, na wenzake. Lakini mie nilimwacha humu."

Ndipo akahadithia, akimwambia yule mgeni, mimi nikisikiliza mlangoni. Alikuwa mwanawe wa kwanza, wa kiume, miaka mitatu. Alishikwa na homa siku ile ile mama aliposhikwa na uchungu wangu. Gari ilikuja kumchukua mama kumpeleka Wete hospitali, mtoto akawa analia anamtaka. Akamwambia, "Lala, n'narudi sasa hivi." Uzazi ukawa mzito. Alikaa huko siku nne. Aliporudi na mimi mikononi, mtoto alikuwa ameshazikwa.

"Nikaingia humu, nikafunga mlango," mama akasema. "Shuka lake sikutaka lifuliwe. Nikawa nazungumza naye. Na huyu alikuwa akilia njaa juu ya mapaja yangu, simsikii. Namsikia yule."

Baba aliogopa nisije nikafa na mimi. Alimpeleka mama kwa bibi, kijijini Tumbe, akapumzike. Alipomrudisha, mlango haukuwapo, dirisha halikuwapo. Mama hakumwuliza, naye baba hakusema. Waliishi hivyo hadi baba alipofariki.

Mthamini akafunika kalamu yake, akasema kwa sauti ndogo, "Chumba kisichoingilika naweza kuandika hakitumiki. Kitatolewa kwenye hesabu."

"Ahsante," nikasema. "Andika hivyo."

"Usikifute," mama akasema.

"Mama..."

"Baba yako alikifuta, na mie nikanyamaza. Leo wamekuja watu wasiotujua, wamekiona wenyewe bila kuambiwa na mtu. Kihesabu, mwanangu."

Mthamini akanitazama mimi, maana rufaa ilikuwa yangu.

"Andika sita," nikamwambia.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Lile la kupangisha walilifuta. Vyumba vikabaki sita.

Siwezi kusema kwamba nimewahi kusikia sauti. Ni kitu kingine. Nakuwa nimekaa mchana nasahihisha madaftari, mara nainua kichwa, kama mtu aliyemwacha mtoto chumba cha pili na sasa anaona kimya kimezidi. Mama alipokuwa hai, mara nyingine tuliinua vichwa pamoja. Hatukuulizana.

Mama alifariki mvua za mwaka uliofuata. Matanga hayakuwa yangu kuyabeba peke yangu, jamaa walijaa nyumba nzima, na kila mmoja alilala alipopata nafasi. Chumbani kwa mama hakulala mtu. Hakuna aliyewakataza.

Walipoondoka nilimwita mwashi aufungue ukuta. Aliniambia kazi ni ya nusu siku. Tukasogeza kabati, akaweka patasi ukutani, akapiga nyundo mara moja. Plasta ikadondoka kipande cha ukubwa wa kiganja. Akatega sikio.

"Niendelee?" akaniuliza, kwa kuwa nilikuwa nimemshika mkono bila kujua.

"Ziba," nikasema.

Akakoroga saruji kidogo, akaziba, akanywa chai yangu, akaenda zake. Kiraka kile hadi leo ni cheupe kuliko ukuta. Kabati sijalirudisha mahala pake.