Miti Iliyopimwa Kifuani

Mume wangu alipanda miti vitalu viwili kwenye shamba letu la mlimani, juu ya Kisumu. Kimoja saiprasi tupu, mistari imenyooka, maana alikuwa mwalimu na alipenda vitu vikae foleni. Cha pili alichanganya saiprasi, paini na podo, eti aone ni kipi kitastahimili ukame. Nilimcheka. Wenzako wakistaafu wananunua ng'ombe, nikamwambia, wewe unanunua ubishi.

Kila Januari alizungusha utepe kwenye shina, moja moja. "Mti hupimwa kifuani," alinihubiria. Yeye alisoma namba upande wa ziwa, mimi nikiandika upande wa pili, na hatukumaliza mstari bila kugombana juu ya sufuri zangu, ambazo alidai ni sita. Jamani, nilichoka na kazi ile.

Alipofariki, watoto walikaa wiki moja wakarudi Nairobi. Nikabaki na daftari. Upweke ulinikamata vibaya, sitaficha. Kuna siku sauti pekee niliyosikia ni yangu mwenyewe nikimfukuza kuku.

Mwaka huo mvua ikakataa. Ziwa linang'aa pale chini, maji tele, na sisi mlimani tunabeba mitungi. Januari ilipofika nikachukua utepe nikapima peke yangu, kifuani, kama alivyonifundisha. Loo! Karibu kila shina lilikuwa limenenepa kuliko alivyoliacha. Nililia kwa furaha. Mzee ameondoka, nikajisemea, lakini kazi yake inaendelea.

Ndipo fundi wa msumeno, jirani yangu, alipopita na mkewe akasimama kwenye kile kitalu cha saiprasi tupu.

"Mama, hii miti imebanana. Zote ziko na mizizi mahali pamoja, zinagombania maji yale yale. Kata moja, ruka moja, zingine zipone."

"Miti ya Mzee haikatwi. Soma daftari uone inavyokua!"

"Karatasi haisikii kiu, Mama."

Nilimfukuza. Nilimwita mwenye tamaa mbele ya mkewe.

Mvua ikakataa tena. Januari iliyofuata vilele vya saiprasi vilikuwa vya kahawia, mstari baada ya mstari. Kwenye mchanganyiko nako hakukuwa na sherehe: paini zilimwaga sindano, podo mbili zilikauka. Lakini saiprasi za huko, zenye majirani wa aina nyingine, nyingi zilikuwa bado kijani. Nikapima. Namba hazikusogea. Nikadhani utepe umevutika, nikazunguka upande wa ziwa, alikokuwa akisimama mume wangu, nipate mwanga.

Huko nikaona doa la rangi nyekundu, limefifia. Nikaenda mti wa pili, lipo. Wa tatu, lipo. Madoa hayo aliyapaka yeye, mahali pake pa kupimia, na yote yalikuwa juu ya kifua changu, karibu na paji la uso.

Mume wangu alikuwa mrefu. Mimi ni mfupi, kila mtu kanisani anajua. Kifuani, kumbe, alimaanisha kifuani pake. Nami nilipima chini, shina linakokuwa nene, nikaita unene huo ukuaji. Niliinua mikono nikazungusha utepe kwenye doa. Ilitoka namba ile ile ya mwisho aliyonisomea. Nikapima kumi, ishirini. Tangu aondoke, miti yake haikuwa imeongezeka hata kidogo, nami nilikuwa nikiisifu.

Nilienda kwa fundi asubuhi hiyo hiyo nikaomba msamaha, mkewe akisikia. Hakunicheka. Alikata kwanza iliyokauka, kisha akakata mmoja, akaruka mmoja. Mistari minne ilikuwa imekufa yote. Angekata mwaka uliotangulia, mingi ingekuwa hai.

Fundi alipoondoka nikachukua daftari nipime iliyobaki. Lazima nisogee karibu kabisa na shina ili mikono ifike kwenye doa, na nikisogea hivyo, paji langu la uso linagusa gome. Hapo ndipo lilipokuwa likifika kifuani pake aliponikumbatia. Nilisimama hivyo kwenye mti wa kwanza muda mrefu, utepe mkononi, bila kusoma namba.