Msukuma viti aliyekuwa akikimbia asante

Saa moja na robo asubuhi, mlango wa lifti unafunguka ghorofa ya tatu na kiti cha magurudumu kinatangulia kutoka, kimembeba bibi mgeni mwenye bandeji mguuni. Anayekisukuma ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, sare yake ya kijani imepigwa pasi ikapigika. Anamfikisha bibi kwenye chumba cha eksirei, anafunga breki zote mbili.

"Thank you so much," anasema bibi.

Wauguzi wawili walio kaunta wanaacha kuandika. Wanataka kuona kama atakimbia.

Hakimbii. Anazunguka mbele ya kiti, anamtazama bibi, anatabasamu. "You're welcome, madam. It was my pleasure." Ndipo anaondoka zake taratibu.

Miezi mitatu iliyopita angekuwa ameshafika kwenye ngazi. Hapa hospitalini wanamwita Upepo, na jina hilo hakulipata kwa kasi ya kusukuma viti. Kwa miaka kumi na sita, kila aliposhukuriwa aligeuka akatoweka.

"Nililelewa hivyo," anasema, akifuta mipini ya kiti kwa kitambaa. "Ukishamsaidia mtu halafu ukabaki umesimama, maana yake unangoja chai. Sikutaka mgonjwa adhani namchungulia mfukoni."

Wenyeji walimwelewa. Lakini hospitali ilipoanza kupokea wagonjwa kutoka nje, wengi wao wakizungumza Kiingereza, adabu yake ikageuka kosa. Mwezi mmoja tu, sanduku la maoni lilitoa karatasi tatu za malalamiko. Mgonjwa mmoja aliandika kwamba yule mzee wa viti anamchukia.

Msimamizi wake hakumung'unya maneno: miezi mitatu, na asipobadilika mkataba hauongezwi. Mshahara huo ndio unaolipa kodi ya vyumba viwili na karo ya binti wa mwisho.

"Siku ile nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu kila kitu," anakumbuka.

Mkewe, aliyefanya kazi ya mapokezi hotelini miaka tisa kabla ya goti kumsumbua, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika mbavu.

"Baba watoto, yaani unataka kufukuzwa kazi kwa kuogopa asante?"

Jioni hiyohiyo alivuta kiti cha plastiki katikati ya sebule, akakaa kama mgonjwa, somo likaanza. "You're welcome" ni ya wote. "My pleasure" inawapendeza zaidi wageni na watu wazima. "No problem" aliipiga marufuku kwa wazee: "Hiyo kawaambie vijana wenzio, kama bado unao." Na lifti ikichelewa, asisimame kimya kama nguzo. Amshukuru mgonjwa yeye kwanza: "Thank you for waiting."

Maneno aliyashika kwa siku mbili. Miguu ndiyo iliyogoma. Mkewe akitamka tu asante, huyoo, yuko mlangoni.

"Nikamwambia, mume wangu, mtu akikushukuru anakupa kitu. Ukikimbia unamwachia mkononi," mkewe anasimulia kwa simu. "Hesabu mpaka tatu, ndiyo uende."

Akahesabu. Wiki za kwanza jasho lilimtiririka, na wauguzi walimcheka waziwazi.

Ijumaa iliyopita msimamizi alimwita ofisini. Mezani palikuwa na mkataba mpya wa miaka miwili, na karatasi tano za maoni, zote za kumsifu. Alipotoka alikaa kwenye kiti cha magurudumu, yeye mwenyewe, akashusha pumzi ndefu.

"Niliona kama nimetuliwa gunia la saruji," anasema.

Mwezi ujao mkewe atapasuliwa goti hospitalini hapahapa. Upepo ameshaomba zamu ya siku hiyo. Kuanzia getini hadi mlango wa chumba cha upasuaji, hataki mwingine aguse kiti kile.

Na mkewe akimshukuru, atamjibu nini?

Anacheka. "Yule hatasema asante. Ataniuliza kama nimekula." Anakunja kitambaa chake. "Mimi ndiye nitakayesema. Miaka ishirini na saba niko naye, sijawahi kumwambia. Nitamwambia mbele ya watu wote. Na kwa goti lile, hana pa kukimbilia."