Bwawa Safi Kuliko Yote Mgwashi

Mdogo wangu alikuja kula Idd nyumbani Mgwashi, huku milimani, kutoka Tanga mjini, anakofanya kazi kwenye mradi wa majaribio wa kuvuta maji ya kilindi cha bahari. Nilikuwa nimejiapiza kutomwonea wivu. Nilishindwa kabla hajamaliza chai.

Kila jirani alipoingia, mama alimtaka asimulie upya. Bomba linashuka mpaka kusikofika jua, linapandisha maji baridi yenye rutuba, na mwani uliokuwa ukioza kwenye joto la ufukweni sasa unanawiri ndani ya matangi. Mama akacheka kwamba pwani wanahangaikia baridi wakati sisi tunalala nayo. Mimi nilisikia tu "binti yangu, binti yangu".

Samaki nilianza mimi. Nilijifunza peke yangu kwenye simu, nikachimba bwawa kwenye shamba la mama. Zamu yetu ya mfereji ilipofika niliyaacha maji yapite bwawani mpaka zamu iishe, na kila ukijani niliukwangua. Changarawe za chini zilionekana. Lakini perege walibaki wa ukubwa wa kidole, na mama alikwishasema Idd hiyo ikipita bila samaki wa kujaa sahani, anafukia bwawa apande kabichi.

Baada ya chai tukashuka bwawani na mama. Mdogo wangu akainama, akatia mkono majini.

"Kaka, haya si maji ya kunywa? Humu wanakula nini?"

Nikamwambia pumba, kwa kipimo. Akanieleza taratibu, kama mtu aliyezoea kufundisha, kwamba hata wao maji ya kilindi huyachanganya kwanza na ya juu yaliyopata jua ndipo wayape samaki wanaowafuga kando ya mwani. Yale yana rutuba. Yangu yana baridi tu. Nifunge mfereji, nitie samadi, maji yawe ya kijani, maana ukijani ndio chakula cha perege. Nilijua yuko sahihi. Nikamtafutia kosa hata kwenye lafudhi yake, ambayo imeanza kuwa ya pwani.

"Watakua?" mama alimuuliza yeye, si mimi.

"Watakua, mama. Mpe kaka mpaka Ramadhani nyingine."

Mama akakubali. Nikawahi jembe, nikaziba mfereji mwenyewe, yeye asiliguse.

Sasa siwaoni samaki kwa ukijani, na mama anawaambia wapita njia ni utaalamu wa binti yake. Asubuhi nikitupa pumba, midomo inayokuja juu ni mipana kuliko ya jana. Moyo unaruka. Kisha naomba wakue, ila wasikue upesi kama alivyosema.