Joto la Zamu Mbili

Rodah Chepngeno alifundisha Hisabati kwa miaka thelathini na mbili, na kwa miaka kumi na saba kati ya hiyo, kila Novemba alisimamia mtihani wa kidato cha nne katika shule za watu wengine. Huko ndiko alikojifunza kutomwamini mtu. Aliwahi kukuta simu ndani ya mkate uliokatwa katikati na kurudishwa vizuri kwenye karatasi yake. Aliwahi kukuta kanuni za Fizikia zimeandikwa kwa kalamu nyembamba kwenye upindo wa sketi. Mwaka mmoja, upande wa Sigor, alimwona mpishi wa shule akipita dirishani na ndoo ya uji mara tano kwa saa moja, na uji wenyewe haupungui. Watahiniwa wa Kipkelion walimwita Madam Soksi, kwa sababu hakuruhusu mtu kuingia chumba cha mtihani kabla ya kuvua viatu na kugeuza soksi nje ndani.

"Hata nyumbani unasimamia," mumewe Kiptum alizoea kumwambia, akimwona ananusa maziwa aliyoletewa na jirani kabla hata ya kumshukuru.

Alipostaafu alidhani ameachana na mambo hayo. Alibaki na ng'ombe wawili na shamba dogo la majani chai. Kisha Februari moja akapigiwa simu na Onsongo, afisa wa elimu aliyemfahamu tangu zamani.

"Mwalimu, kuna shule ndogo ya kutwa huku juu ya Fort Ternan," Onsongo alisema. "Matokeo ya Kemia ya watahiniwa thelathini na saba yamezuiliwa. Tunataka kupitia upya jinsi mtihani ulivyoendeshwa, na nahitaji mtu ambaye hajui aibu ya kuuliza."

"Nani anashukiwa?"

"Nataka ujionee mwenyewe. Lakini kila mtu anamtaja mwalimu wa Kemia. Anaitwa Joab Oyugi."

Walienda siku ya Jumatatu. Prinsipali wa shule hiyo, Isaiah Kimeli, aliwapokea langoni kabla gari halijazimwa. Ofisini mwake kulikuwa na chai ya maziwa, chapati na kuku mzima wa kienyeji, saa nne asubuhi. Rodah alikunywa chai, kuku hakumgusa. Katika miaka yake ya kusimamia, kila shule iliyomchinjia kuku ilikuwa na kitu cha kuficha, na aliona hakuna sababu ya hii kuwa tofauti.

Ripoti ya watahini ilikuwa fupi. Katika mtihani wa vitendo, kila mtahiniwa alitakiwa kuyeyusha chumvi kwenye maji, apime joto kila baada ya nusu dakika na kuandika alichosoma. Kwenye karatasi za shule hii, usomaji wa joto ulifanana hadi nukta. Watu wawili wakipima maji kwenye vikombe viwili hawawezi kupata nambari kumi na mbili zinazolingana zote, sembuse thelathini na saba.

"Sisi ni watu wa kanisa hapa, Madam," Kimeli alisema, akimwongezea chai asiyoitaka. "Sitaki kumsema mwalimu mwenzangu. Lakini Oyugi huwa na wanafunzi nyumbani kwake. Usiku wa kuamkia mtihani huo walionekana pale. Wazazi wameniletea hayo maneno. Na unajua yeye si mtu wa hapa, alitoka huko chini ziwani. Hana cha kupoteza akihamishwa."

Oyugi alipoitwa, aliketi ukingoni mwa kiti. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi, kola yake imechakaa lakini imepigwa pasi.

"Wanafunzi walikuja kwako usiku huo?" Rodah aliuliza.

"Walikuja."

"Kufanya nini?"

"Kusoma. Kwangu kuna stima."

"Uliwapa nambari za joto?"

"Hapana."

"Basi zilifananaje?"

Oyugi alimtazama Kimeli, kisha akatazama sakafu. "Sina la kuongeza, Madam."

Rodah aliyajua macho yale yanayokimbia. Aliyaona kwa mwenye mkate, akayaona kwa mpishi wa uji. Jioni hiyo, kabla hata hajavua koti, alikaa mezani akaandika rasimu ya ripoti kwa kalamu ya wino. Aya ya tatu ilisema kwamba mwalimu wa Kemia, Joab Oyugi, aliwapa watahiniwa majibu kabla ya mtihani.

Asubuhi alitaka tu kuinakili kwa usafi. Alizitandaza mezani nakala za zile karatasi thelathini na saba ili achukue mfano mmoja wa nambari zilizofanana. Karatasi ya kwanza ilianza na nyuzi kumi na saba. Ya pili ilianza na ishirini na nusu. Ya tatu, kumi na saba. Akazipitia zote mara mbili. Hazikufanana zote. Kulikuwa na makundi mawili, na ndani ya kila kundi nambari zililingana hadi nukta. Watahini walikuwa wamezipanga kwa nambari za usajili, makundi yakachanganyika, nao wakaandika tu kwamba zinafanana.

Akatoa orodha ya kuketi. Shule ilikuwa na maabara ndogo, kwa hiyo watahiniwa kumi na tisa walifanya saa mbili asubuhi, na kumi na wanane wakasubiri darasani wakilindwa hadi saa tano. Alipanga upya karatasi kwa zamu hizo. Wote kumi na tisa wa asubuhi walianza na nyuzi kumi na saba. Wote kumi na wanane wa saa tano walianza na ishirini na nusu.

Kiptum aliingia kutoka kuchuma majani chai, akamkuta amesimama katikati ya chumba na karatasi mkononi.

"Kuna nini?"

"Saa mbili asubuhi kule juu maji huwa baridi," Rodah alisema. "Saa tano yameshapata joto."

"Hilo mtoto yeyote analijua."

"Aliyeiba majibu hangelijua. Angeleta orodha moja kwa wote."

Akarudi kwenye karatasi. Kulikuwa na swali jingine, la kupima asidi kwa bureti, ule mrija mrefu wenye alama za vipimo, na hapo nambari zilitofautiana kidogo kidogo kutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto, kama inavyopaswa. Mtu wa kutoa majibu angetoa ya bureti pia, maana hayo ndiyo yenye alama nyingi. Nambari za joto zilipimwa kweli, siku ile, katika chumba kile. Ila zilipimwa mara moja tu kwa kila zamu.

Rodah hakufurahi. Alihisi kama mtu aliyeshika mkono wa mtu sokoni akidhani ni wa mwizi. Na hapo hapo shaka nyingine ikamwingia: kama Oyugi hakuiba, kwa nini alinyamaza?

Hakumwambia Onsongo wala hakumpigia prinsipali. Alhamisi alichukua bodaboda hadi shuleni, akafika wakati wa gwaride Kimeli akihutubia wanafunzi, akaenda moja kwa moja maabara. Alimkuta Janeffer, mama mmoja aliyeajiriwa na bodi kuosha na kutunza vyombo, akifuta meza.

"Nataka kuona vipimajoto," Rodah alisema.

Janeffer aliangalia mlangoni. "Prinsipali anajua uko hapa, Madam?"

"Atajua. Daftari la vyombo linasema viko thelathini."

"Daftari analiandika yeye."

"Nionyeshe tu."

Janeffer alitoa sanduku la bati kwenye stoo, akaliweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili kana kwamba lingelipuka. Rodah alihesabu vipimajoto kumi na moja. Sita vilikuwa vimevunjika. Vinne vilikuwa vizima kwa nje, lakini uzi mwekundu wa ndani ulikuwa umekatika vipande vipande, havingeweza kusoma kitu. Kimoja kilifanya kazi.

"Siku ya mtihani hali ilikuwa hii hii?"

"Mimi sijasema kitu, Madam."

"Hujasema. Nimeuliza."

Janeffer alikunja kitambaa chake, akakikunjua. "Mwalimu Oyugi alienda ofisini asubuhi hiyo kuomba tuazime kutoka shule ya jirani. Akarudi mikono mitupu. Akaweka hicho kimoja hapa mbele. Msichana wa kwanza akawa anakisoma kwa sauti, wengine wanaandika. Na zamu ya pili vile vile."

"Msimamizi alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameketi hapo. Prinsipali akaja akamwita nje, wakaongea. Aliporudi hakuuliza tena."

Rodah aliikumbuka fomu ya msimamizi huyo. Kwenye nafasi ya maoni aliandika neno moja: shwari. Ilimuuma kuliko kuku wa prinsipali, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi aliyoifanya yeye mwenyewe miaka kumi na saba.

Kutoka hapo alienda nyumbani kwa Oyugi, chumba cha kupanga karibu na reli ya zamani. Mwalimu huyo alikuwa amesimamishwa kazi. Mkewe, Dorcus, alimpa Rodah kiti nje bila tabasamu, akabaki amesimama mlangoni.

"Mwalimu, nimeona sanduku," Rodah alisema.

Oyugi aliingia ndani, akatoka na bahasha. Ndani yake mlikuwa na nakala za barua tatu, za miaka miwili, akiomba vipimajoto. Zote zilikuwa na muhuri wa ofisi ya prinsipali.

"Kwa nini hukunionyesha Jumatatu?"

"Mbele yake?" Oyugi alisema. "Aliniita Januari. Akaniambia alitia sahihi fomu kwamba maabara imekamilika. Ikijulikana haijakamilika, kituo cha mtihani kitafungwa, na watoto watateremka hadi bondeni kufanyia mtihani shule nyingine. Akaniambia ninyamaze, atanitetea. Kisha nikasikia wazazi wanasema niliuza mtihani."

"Ungesema wakati huo."

"Ningemwambia nani, Madam? Nikitoa hizi barua, watasema mtu wa ziwa amekuja kuwafungia shule yao. Wewe mwenyewe ulikuwa umeshaamua. Niliona ulivyoniangalia."

Dorcus alisema kutoka mlangoni, bila kupandisha sauti, "Mtoto wetu ameitwa mwizi shuleni."

Rodah aliomba nakala za barua, akaahidi kuzirudisha, akaondoka.

Onsongo alipoisoma ripoti mpya, alivua miwani akaifuta. "Mwalimu, hii itamgusa prinsipali, imguse msimamizi, imguse na aliyekagua maabara. Hatuwezi kuandika tu kwamba kulikuwa na upungufu wa vifaa?"

"Jumatatu ulikuwa tayari niandike jina la mtu mmoja."

"Huyo alikuwa mwalimu wa kawaida."

"Ndiyo maana ilikuwa rahisi," Rodah alisema. "Mimi sitii sahihi kitu kingine."

Akakaa ofisini kwa Onsongo hadi ripoti ikapigwa chapa neno kwa neno, akasoma kila ukurasa kabla ya kutia sahihi, na akaondoka na nakala yake. Hakumwamini hata yeye.

Ilichukua wiki saba. Watahiniwa walipewa matokeo yao, ila swali la joto halikuhesabiwa kwa yeyote. Kimeli aliondolewa shuleni, akapelekwa kukaa ofisi fulani mjini, na waliompenda walisema amepandishwa cheo. Msimamizi wa neno moja aliandikiwa barua ya onyo. Oyugi alirudishwa kazini lakini akahamishiwa shule moja ya Bomet, kwa vile, walisema, si vizuri abaki mahali penye maneno. Yeye pia alikosea, Rodah aliandika hilo bila kuficha: alijua kwamba kila mtoto anapaswa kupima mwenyewe, na akaruhusu mtihani uendelee. Kituo cha mtihani hakikufungwa. Vipimajoto vikaletwa, thelathini, Rodah akaambiwa, naye akamtuma Janeffer avihesabu.

Maneno hayakuisha. Kanisani mwanamke mmoja alimuuliza Kiptum, kwa upole kabisa, watu wa ziwa walimpa mkewe nini. Kiptum alijibu kwamba walimpa kiti cha kukalia. Mwanamke yule hakuelewa, na pengine hakuamini.

Siku ambayo Oyugi alihama, Rodah alienda kumrudishia zile nakala. Pikapi ilikuwa imeegeshwa mbele ya mlango, nusu imejaa. Dorcus alimsalimia kwa mkono. Oyugi alikuwa juu ya vyombo, akifunga godoro kwa kamba.

"Nimesoma ripoti yako," alisema. "Hapo kwenye zamu mbili, sikuwa nimefikiria hivyo hata mimi mwenyewe."

"Nililiona kwa bahati."

"Nikuulize kitu, Madam. Kama siku hiyo kungekuwa na mawingu? Kama maji ya saa tano yangekuwa baridi sawa na ya saa mbili?"

Rodah alijua alichokuwa akiulizwa. Angeweza kusema kwamba angeenda maabara hata hivyo, au kwamba nambari za bureti zingemwonyesha. Alitazama godoro, akamtazama yeye.

"Ningeandika jina lako," alisema. "Nilikuwa nimeshaliandika."

Oyugi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata nambari aliyoitarajia. Kisha akamrushia ncha ya kamba, akamwomba aishike vizuri upande wa pili, naye akaishika hadi fundo likakaza.