Siku Niliyomfungia Bashir Wageni Wakiwa Sebuleni

Nilikosa. Nasema mapema ili msinitafutie udhuru. Nimejitafutia wa kutosha, na wote umenichosha.

Ndugu yangu Bashir ni mtu mzima, lakini akili yake ilibaki ya mtoto. Maneno yake ni machache: abaayo (yaani dada), wageni, maji. Kule Balambala kwa mama hakufungiwa kamwe. Kila boma lilikuwa kwao. Na kazi yake ilijulikana: mgeni akija, Bashir ndiye wa kumnawisha mikono kabla ya chakula. Akimwaga maji, watu hucheka, naye hucheka kuwashinda.

Mama alipofariki, nikamleta kwangu Garissa mjini. Mimi mtu wa ofisi. Huku, majirani wenye watoto kama yeye huwaweka vyumba vya nyuma, nami nikajifunza haraka. Astaghfirullah!

Wazee walipokuja kumposa binti yangu, nilimpa Bashir simu yenye katuni, nikamfungia chumbani kwa ufunguo. Nikajiambia kelele zitamsumbua. Uongo! Niliogopa waseme damu yetu ina kasoro.

Nyama na wali vikaletwa. Nikashika birika mwenyewe. Mzee wao akarudisha mikono nyuma.

"Bashir yuko wapi?"

"Kumbe unamjua, adeer, ami yangu?"

"Nani amepita Balambala asinawishwe na Bashir? Hata njiani tulibishana atalowesha kanzu ya nani leo."

"Amelala," nikasema.

Hapo mlango wa chumbani ukagongwa. "Abaayo! Wageni! Maji!" Akagonga, akagonga. Wote wakatazama mkeka.

"Basi ameamka," mzee akasema taratibu. "Tutamngoja."

Nilipofungua, alikuwa ameketi sakafuni, amenipa mgongo. Nikamwekea birika mkononi. Akaliachilia. Wageni walinawa wenyewe, wakala.

Posa haikuvunjika, na binti yangu yuko kwake, alhamdulillahi. Ufunguo ule niliutupa. Lakini siku hizi mgeni akibisha hodi, Bashir huinuka mwenyewe, huingia chumbani, hufunga mlango. Hakuna anayemtuma. Mimi ndiye niliyemfundisha!

Wewe uliye na wako ndani, wageni wakija, mpe birika. Akimwaga, utapangusa. Mimi nimeketi hapa na sakafu kavu.